Hekalu, Kuba na Nyumba ya Mtoto

Hekalu ni neno linalobebeshwa mizigo isiyo yake. Ukiondoa msikiti na kanisa, jengo lolote la ibada tunalibandika jina hilo: la Wahindu wa Kisutu, Dar es Salaam, la Wagiriki wa kale, na lile la Yerusalemu ambalo msomaji wa Biblia huliona kwanza akilisikia neno lenyewe. Kwa hiyo mwandishi wa safari akifika Madhya Pradesh, jimbo la katikati ya India, huandika kwamba Khajuraho kuna mahekalu na Sanchi kuna mahekalu, akapita zake. Kwa Khajuraho sina ugomvi naye. Sanchi ndiko anakoteleza, maana kilichompeleka huko si hekalu.

Mahekalu ya Khajuraho yalijengwa na wafalme wa Chandela, mengi yake kati ya mwaka 950 na 1050. Kubwa kuliko yote, Kandariya Mahadeva, lina kimo cha mita 31 hivi, na paa lake lililochongoka huitwa shikhara. Tumezoea kutafsiri “mnara”. Lakini mnara hupandwa, na mwadhini au na mtunza taa ya meli. Shikhara haipandwi; ni mlima uliojengwa, vilele vidogo vikiegemea kikubwa. Kisanskriti chenyewe kinasema kilele, nasi kilele tunacho. Chini yake, ndani kabisa, kuna chumba kidogo chenye giza anamokaa mungu. Jina lake garbhagriha: garbha ni mimba, griha ni nyumba. Hapo watafsiri huazima “patakatifu pa patakatifu” kutoka Agano la Kale, ilhali mkunga angewapa neno bila kukuna kichwa. Yeye huita mji wa mimba nyumba ya mtoto, na Wahindi waliita hivyohivyo chumba cha mungu wao. (Wageni wengi huko hufuata sanamu za mahaba za kuta za nje, ambazo ni sehemu ndogo tu ya michongo yote. Haya, wapige picha.)

Katika jimbo hilohilo, Pachmarhi hainisumbui sana. Ni mji wa milima ya Satpura, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambao Waingereza waliufanya makao ya serikali yao ya Mikoa ya Kati wakati wa joto kali. Wajerumani nao walipandisha Lushoto kukimbia joto la pwani. Kwa Kiingereza huitwa hill station, lakini mji wa namna hiyo si “kituo”, kwani hakuna basi linalongojwa. Ni mji wa kupunga upepo, basi. Ila siku za Mahashivratri, sikukuu ya mungu Shiva, hupita humo watu wanaopanda kilima cha Chauragarh na mikuki ya ncha tatu begani, waiache kwake, mingine mizito ya kutoa jasho. Hao wanahiji, upepo si shida yao.

Sasa Sanchi. Stupa Kuu ilianza wakati wa mfalme Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo, kwa matofali. Waliofuata wakaipanua na kuivika mawe mpaka ikafika upana wa mita 36 na zaidi. Ukiitazama kwa mbali utasema kuba. Lakini kuba ina uwazi chini yake, watu huingia wakasali. Stupa imejaa tele, haina mlango wala ndani. Wabudha huizunguka tu. Tumbo lake lile la mviringo huitwa anda, yaani yai, na juu yake umesimama mlingoti wenye miavuli mitatu ya mawe. Mwavuli huo hauhitaji tanbihi kwa mtu wa pwani: mfalme wa Malindi alikaa chini ya mwavuli, siwa zikipigwa, alipompokea Vasco da Gama mwaka 1498. Stupa yenyewe ningeiacha iitwe stupa, kama tulivyoiacha piramidi.

Kuizunguka ndiko kwenye mtego. Kiswahili kina kutufu, neno zuri na fupi, na kishawishi cha kulitumia ni kikubwa. Tatizo ni upande. Anayetufu Kaaba huiweka kushotoni kwake. Anayezunguka stupa huiweka kuumeni, na neno lao pradakshina limebeba huo mkono wa kuume ndani yake. Ukiandika kwamba Wabudha wanatufu, umewageuza wote njia. Afadhali “kuzunguka kwa kuume”, japo ni refu.

Malango manne yanayoizunguka stupa, yaani torana, ni ya mawe, lakini aliyeyabuni alifikiri kwa mbao: nguzo mbili, na juu yake maboriti matatu yaliyolazwa, kana kwamba mafundi walihamisha lango la miti likawa jiwe. Mjenzi wa nyumba za miti angeyaita maboriti hayo mitambaapanya. Kwenye ile ya Sanchi hatambai panya. Wamejipanga tembo, simba na tausi. Katika michongo hiyo Buddha mwenyewe haonekani kwa sura ya mtu. Yupo kama nyayo, kama mti, kama kiti kitupu. Na maandishi ya lango la kusini yanasema kazi ile ilichongwa na mafundi wa pembe za ndovu wa Vidisha, mji wa jirani, jambo ambalo unaliamini mara tu unapoona jinsi kila ukucha ulivyochongwa.

Maandishi mengine mafupi yametapakaa kwenye nguzo za ua na sakafu. Mwaka 1837 mtaalamu Mwingereza James Prinsep aliyatazama bila kuweza kuyasoma, akagundua kwamba karibu yote yanamalizika kwa herufi zilezile. Akakisia kwamba ni majina ya watoaji na kwamba neno la mwisho ni danam, kitu kilichotolewa. Alikisia sawa, na kwa ufunguo huo akafungua mwandiko wa Brahmi wote.

Danam tulifanyeje? “Zawadi” hupewa mtu, naye hushukuru. “Sadaka” iko karibu, lakini nyingi huliwa zikaisha. Nguzo ya Sanchi haikuliwa. Ilitolewa ikae palepale, na jina la aliyeitoa likachongwa juu yake. Misahafu ya zamani ya pwani yetu imeandikwa neno la namna hiyo pembeni mwa kurasa: wakfu. Najua kuna watakaopinga kwamba ni istilahi ya sheria ya Kiislamu na ina masharti yake. Ina masharti, naam, na mchongaji wa Vidisha angeyaelewa yote.