Mgeni Mahali pa Kazi: Habari za Uchunguzi Mjini Kabwe

Wahenga walinena, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mithali hii yamfaa sana mtu atakaye kuchungua desturi za watu mahali pa kazi yao. Akipita siku mbili huona mikono yao tu; akikaa hata kuzoewa huona na yaliyo baina yao. Na tutazame mji mmoja, Broken Hill wa Northern Rhodesia, ambao leo waitwa Kabwe katika nchi ya Zambia. Mji huu ulianza penye machimbo ya risasi na zinki.

Mwaka 1938 alifika huko Bwana Godfrey Wilson, mkuu wa kwanza wa Rhodes-Livingstone Institute. Kabla ya hapo yeye na mkewe Monica walikuwa kwa Wanyakyusa wa Rungwe, wakikaa vijijini na kujifunza lugha. Njia ile ile aliifuata na mgodini: aliketi na wafanyakazi kwa urafiki, akiuliza habari za mishahara, ndoa na safari zao. Akaona ya kuwa wengi hawakuwa wapitaji mjini, kama wakubwa walivyodhani, bali miaka yao mingi ilipita huko. Lakini urafiki uliompa maarifa ndio uliowatia wakubwa mashaka. Mwaka 1940, baada ya wachimbaji wa Copperbelt kugoma, alikatazwa kuingia katika kambi za mgodi. Mwaka 1941 akajiuzulu.

Zambia ilipokwisha kupata uhuru mwaka 1964, Bwana Bruce Kapferer alichungua kiwanda cha nguo katika mji uo huo. Wafanyakazi walijaribu kugoma, wasifaulu. Kama angaliondoka hapo, angaliandika kwamba hawawezi kushikamana. Lakini alikaa, akaona urafiki na kusaidiana kukienea kati ya mafundi wa cherehani na vibarua wa chini. Nao walipogoma mara ya pili, walifaulu. Habari hizo alizitoa katika kitabu mwaka 1972.

Basi jembe la mgeni huyu hutolewa na wawili: mwenye shamba na wenye kulima. Mmoja akilishika, kazi hukatika, kama ilivyomkatikia Wilson. Wote wawili wakimwachia, bado hana budi kungoja msimu wa pili, maana shamba halijulikani kwa mavuno ya mara moja.