"Mashetani" wa George Lilanga: Tuwajue Kabla ya Kuwahukumu

Sisi tunaoshona hapa Magomeni, vitambaa tunavifuata Kariakoo, kwa hiyo macho yetu yamezoea rangi na michoro. Lakini ipo michoro katika maduka ya sanaa hapa mjini inayotuletea ubishi kila tukiitaja. Ni viumbe wenye masikio makubwa, matumbo yaliyotokeza na midomo minene, wamebanana kama abiria wa daladala. Wengine wetu husema, "Hao ni mashetani, wasiingie ndani kwangu." Leo tumtazame aliyewachora na alikowatoa.

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa Tanzania. Ni Mmakonde. Kuchonga alianzia kwenye mizizi ya muhogo, baadaye ndipo akashika mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuja Dar es Salaam, na kupitia mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, akapata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt. Mlinzi huyo alikuwa fundi tayari. Pale akaongeza batiki na uchoraji, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington, Marekani.

Sasa, alichora nini? Alichora kwao. Wamakonde wana hadithi ya kale kwamba mtu wa kwanza alichonga mti kwa umbo la mwanamke, na umbo lile likapata uhai, likawa mama wa kabila zima. Ndiyo maana mama ana nafasi kubwa katika uchongaji wao, na ukoo wao wa asili huhesabiwa kwa upande wa mama. Wana pia vinyago vya kuvaa viitwavyo mapiko, vinavyochezwa wakati wa sherehe za jando na unyago. Na wana masimulizi ya viumbe wa porini, kama nnandenga, wanaotisha na kuchekesha kwa wakati mmoja.

Hapa pana jambo wengi hatulijui. Vinyago vya "shetani" tunavyoviita vya kale, kwa umbo lake si vya kale. Masimulizi ni ya zamani, lakini mtindo wenyewe ulianza hapa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Samaki Likankoa, mchongaji Mmakonde kutoka Msumbiji, na mfanyabiashara Mohamed Peera ndiye aliyezinunua kazi zake na kumtia moyo. Lilanga aliupokea mtindo huo kwenye mti, akauhamishia kwenye picha na kuutia rangi kali.

Sisi mafundi tunalielewa hilo vizuri. Ukitaka kujua gauni la bibi lilikatwaje, unalifumua mshono kwa mshono, kisha unakata lako kwa kitambaa cha leo. Gauni linakuwa jipya, lakini mkato ni wa bibi. Ukiangalia picha ya Lilanga, kila kiumbe kimezungushiwa mstari kama pindo, na viungo vinashikana na kupandana kama watu katika kinyago cha mpingo cha ujamaa. Huo ndio mkato wa Kimakonde.

Na viumbe hao wanafanya nini? Wanacheza ngoma, wanakunywa, wanasengenya, wanabeba watoto. Picha nyingi alizipa majina marefu ya Kiswahili yanayosimulia mambo ya kila siku, kama jina la kanga linavyosema na jirani. Ukiwatazama vizuri utamwona mpangaji mwenzio, utamwona shangazi, na pengine utajiona mwenyewe. Neno "shetani" masikioni mwetu ni Iblisi aliyelaaniwa. Katika sanaa hii limekuwa jina la kiumbe wa masimulizi, anayevaa tabia zetu ili tuzicheke.

Suala la kutundika picha nyumbani tunawaachia masheikh wetu, na asiyetaka asitundike. Tunachokiogopa sisi ni kingine. Tukisema "hayo ni mashetani ya Wamakonde", mara nyingi tunamdharau mtu, si picha. Wamakonde wametaniwa sana mijini kwa chale zao na kwa ndonya za bibi zao. Wengi wao ni Waislamu wenzetu, tunasali nao na kuzikana nao, na hata Unguja mnaishi nao. Dharau ikizoeleka, mtoto wa Kimakonde ataona haya kusema bibi yake alikuwa nani, na masimulizi yatakufa na wazee.

Lilanga aliugua kisukari, akakatwa miguu, lakini aliendelea kufanya kazi mpaka alipofariki mwaka 2005. Leo kazi zake zinathaminiwa Ulaya na Marekani, na wapo watoto wetu wa Dar es Salaam wasiolijua jina lake. Basi dada, ukikutana na picha yake, mweleze mwanao ni ya nani na imetoka wapi. Kupenda au kutopenda kuje baadaye.

Tukutane tena, inshallah.