Mabaki ya dawa katika maji ya kunywa: Mtwara na mlango wa Ruvuma

Mabaki ya dawa ni kiasi kidogo mno cha dawa za binadamu na mifugo, au cha vitu ambavyo dawa hizo hugeuka kuwa zikishapita mwilini, kinachokutwa mtoni, kisimani au bombani. Wanakemia huyaweka kundi moja na vichafuzi vingine hafifu kama viuatilifu vya shambani, rangi za meli na kemikali za viwandani. Kipimo chake ni nanogramu kwa lita moja ya maji. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Huko Ulaya, uchafuzi huu hufuata bomba la majitaka hadi mtamboni na kutoka mtamboni hadi mtoni. Katika pwani ya Mtwara njia yake ni fupi zaidi: huanza kwenye choo cha shimo, hupita mchangani na kuishia kisimani.

Mji na maji yake

Mtwara ya leo ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipohitaji bandari ya kusafirishia karanga za Nachingwea. Mpango wa karanga ulikufa mwaka 1951. Bandari yenye kina ilibaki, na mji ukakua polepole kando ya hori, jirani na Mikindani ya kale. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika manispaa nzima. Wapimaji waliuachia mji barabara pana na viwanja vikubwa, lakini kaya nyingi mpaka sasa hutumia choo cha shimo au shimo la septiki, na shimo likijaa huitwa gari la kunyonya majitaka au huchimbwa jingine hatua chache kutoka la kwanza.

Ardhi yenyewe haizuii kitu. Sehemu kubwa ya mji na vijiji vya jirani iko juu ya mchanga mwekundu na mchanga wenye udongo kidogo ambao wanajiolojia huuita Tabaka la Mikindani. Upande wa Shangani na ufukweni kuna mwamba wa matumbawe wenye nyufa. Mchanga hupitisha maji haraka, na matumbawe huyapitisha haraka zaidi. Maji ya bomba ya mamlaka ya mji, MTUWASA, hutegemea zaidi visima virefu, na kina hicho ni kinga kubwa. Wanaochota kwenye kisima kifupi cha uani, ama kwa sababu bomba halijafika au kwa sababu limekauka wiki hiyo, hawana kinga hiyo.

Nyuma ya pwani, kwenye nyanda za Makonde za Newala na Tandahimba, hali ni tofauti kabisa. Juu hakuna mito. Mvua huzama mchangani na kutokea mbali chini, kwenye chemchemi za miteremkoni. Ndiyo maana nyumba nyingi huko zina matangi ya kukinga maji ya mvua. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ufini ilifadhili mradi mkubwa wa maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na pampu zake za mkono aina ya Nira zilienea vijijini. Nchi hiyo hiyo ingerudi katika habari hii miongo minne baadaye, kama itakavyoonekana.

Dawa zinavyofika majini

Sehemu ya dawa humalizikia mwilini na sehemu hutoka kama ilivyomezwa. Kiasi cha asilimia 70 ya lamivudini, mojawapo ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hutoka na mkojo bila kubadilika. Metformini ya wagonjwa wa kisukari haichakatwi kabisa na mwili. Yote iliyoingia kwenye damu hutoka ilivyo. Salfamethoksazoli, iliyomo ndani ya Septrin, hutoka kwa sehemu kubwa ikiwa imefungwa katika umbo jingine, ambalo bakteria wa chooni huweza kulifungua na kuirudisha dawa yenyewe.

Wingi wa matumizi hautoshi kutabiri kitakachopatikana kisimani. Amoksilini huuzwa kila duka la dawa, lakini huvunjika upesi ikikaa majini, hivyo ni nadra kukutwa. Siprofloksasini hushikamana na udongo wa mfinyanzi. Ivamektini, inayomezwa na wilaya nzima siku za kingatiba dhidi ya matende na mabusha, nayo hung'ang'ania udongo. Hatari yake ni zaidi kwa wadudu wa kinyesini na viumbe wadogo wa majini kuliko kwa mtu anayechota maji. Zinazosafiri mbali mchangani ni zile zisizovutwa na udongo na zisizoliwa na bakteria upesi: salfamethoksazoli, karbamazepini ya kifafa, na nevirapini ya VVU.

Upatikanaji wa dawa nao umebadilika, tena kwa manufaa. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulijaribiwa kwanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, kabla ya kuletwa Mtwara na kwingine. Matibabu ya VVU kwa umma yalianza mwaka 2004. Mwishoni mwa 2006 dawa ya mseto ilichukua nafasi ya SP kutibu malaria. Watu waliokuwa wakifa kwa kukosa tembe sasa wanazipata, na mabaki majini ni kivuli cha mafanikio hayo. Hoja yoyote ya kupunguza uchafuzi huu kwa kupunguza tiba ingekuwa upuuzi.

Yaliyokutwa Afrika Mashariki

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanakemia wa Berlin walikuta asidi ya klofibriki, zao la dawa ya kushusha mafuta ya damu, katika maji ya bomba ya mji huo. Afrika Mashariki ilichelewa kuingia katika vipimo hivi kwa miaka karibu 20. Mkenya Kenneth K'oreje na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha vipimo vyao vya kwanza vya Kenya mwaka 2012, na mwaka 2016 wakapanua kazi hiyo Nairobi na Kisumu. Pamoja na mito na mitambo ya majitaka, walipima pia visima vifupi vilivyo karibu na vyoo. Humo walikuta dawa za VVU, nevirapini ikiwemo, na viuavijasumu. Kwa msomaji wa Mtwara, visima hivyo vya Kisumu vina maana kuliko Mto Nairobi, kwa kuwa vinafanana na vya kwao.

Mwaka huo huo Elizabeth Ngumba, Mkenya aliyekuwa akisomea Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Ufini, alitoa matokeo ya bonde la Mto Nairobi, na mwaka 2020 ya mtaa wa Chunga, Lusaka, ambako yeye na wenzake walipima mkojo, maji ya ardhini na maji ya juu kwa pamoja. Ziwa Victoria upande wa Uganda lilichapishiwa matokeo mwaka 2020. Kisha mwaka 2022 ukaja utafiti wa dunia ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York: vituo 1,052 katika nchi 104. Mto wa Lahore, Pakistani, ulikuwa miongoni mwa iliyochafuka zaidi, pamoja na ya La Paz na Addis Ababa. Karibu robo ya vituo vyote vilikuwa na angalau dawa moja iliyozidi kiwango salama kwa viumbe vya majini au kile kinachoweza kulea usugu.

Ukubwa wa hatari

Shirika la Afya Duniani lilipitia suala hili mwaka 2012 na kusema kwamba maji ya kunywa yaliyosafishwa kwa kawaida huwa na chini ya nanogramu 50 za dawa yoyote kwa lita, na kwamba madhara kwa afya ya mtu hayaelekei kutokea. Hesabu inasaidia. Anayekunywa lita 2 kwa siku za maji yenye nanogramu 50 za parasetamoli kwa lita angehitaji zaidi ya miaka 13,000 kumeza kiasi cha tembe moja ya miligramu 500. Hata kama kisima kingekuwa na mikrogramu 1 nzima ya nevirapini kwa lita, mnywaji angemaliza miaka 270 na ushee kabla ya kufikisha tembe moja ya miligramu 200.

Usugu una hesabu yake. Bakteria hawahitaji dozi ya mgonjwa ili kuchujwa na dawa. Kwa siprofloksasini, watafiti wa Sweden walipendekeza mwaka 2016 kwamba nanogramu 64 kwa lita ndizo mpaka wa kuanza kuwapa nafasi bakteria sugu. Lakini Mtwara haifai kuazima woga wa Ulaya mzima mzima. Kisima kilichofikiwa na dawa kutoka chooni kimo tayari katika njia ya kinyesi, na huenda kimefikiwa pia na bakteria wa kuhara, wakiwemo walio sugu tayari. Kwa mnywaji, dawa iliyomo humo ni shahidi kabla ya kuwa sumu: inaonyesha kwamba choo na kisima vinawasiliana.

Mashahidi hao hawalingani. Kafeini ya chai na kahawa huliwa na bakteria upesi, kwa hiyo ikionekana kisimani uvujaji ni wa karibuni. Karbamazepini hudumu na inaweza kusimulia uchafu wa miaka iliyopita. Kwa maabara isiyo na mitambo ya gharama, naitreti hutoa dokezo la kwanza, ikipimwa dhidi ya mpaka wa miligramu 50 kwa lita. Kloridi, ambayo bara hutumika pia, haisaidii sana Shangani au kijijini Msimbati, kwa kuwa maji ya bahari yanayopenya ardhini huleta chumvi yake.

Salfa ya mikorosho

Katika ukanda huu kichafuzi kinachoonekana kwa macho ni salfa. Tangu miaka ya 1980 wakulima hupulizia unga wake dhidi ya ubwiriunga wa mikorosho, kwa kipimo cha kawaida cha karibu robo kilo kwa mti kila mzunguko, mizunguko kadhaa kwa msimu. Baadaye zikaongezwa dawa za maji kama triadimenoli na heksakonazoli. Salfa si sumu kali, ila bakteria wa udongo huigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Watafiti Ngatunga, Dondeyne na Deckers walichapisha mwaka 2003 kazi iliyochunguza kama unga huo unatia asidi udongo wa mikorosho wa kusini mashariki. Mchanga mwepesi, usio na chokaa wala mfinyanzi wa kutosha, ndio wenye uwezo mdogo wa kuhimili asidi, na maji yenye asidi huyeyusha madini ya ardhini na ya mabomba.

Upuliziaji hufanyika kiangazi, maua yanapotoka, na unga hupeperuka hadi kwenye mabati. Mvua za kwanza za Novemba au Desemba huosha vumbi hilo. Kwenye matangi ya Newala na Tandahimba, kuyaacha maji ya mvua za mwanzo yaende zake kabla ya kufungulia mfereji wa tangi ni kinga ya bure.

Viuatilifu vilivyochakaa ni habari nyingine. Mfano unaotajwa zaidi Tanzania ni Vikuge, Kibaha, ambako shehena ya tani 170 kutoka Ugiriki, ikiwa na DDT, iliwekwa mwaka 1986 katika banda lililokuja kuanguka.

Bandarini na mlangoni mwa mto

Maji ya hori hayanywewi, hivyo bandari inaingia hapa kwa pembeni: rangi za meli zenye misombo ya bati na kaboni, zilizopigwa marufuku kimataifa tangu 2008, na vumbi la makaa ya mawe ya Ruvuma yanayopakiwa hapo. Mto Ruvuma wenyewe, urefu wake kama kilomita 800, huchota maji ya Songea, ya Msumbiji na kidogo ya Malawi kabla ya kufika kwenye mikoko ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Masika maji mengi huzimua kila kitu. Kiangazi mto husinyaa kati ya mafungu ya mchanga, na kila kilichomo huongezeka nguvu.

Kusafisha na kuzuia

Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi dawa wala naitreti. Klorini huvunja baadhi, kama salfamethoksazoli na parasetamoli, na kuiacha karbamazepini. Mbegu za mlonge hutuliza tope tu. Kinachofanya kazi ni kaboni amilifu, ozoni, au utando mwembamba wa kuchuja chumvi, na vyote vina gharama. Umbali ni rahisi zaidi: mita 30 kati ya choo na kisima, na sakafu ya shimo mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini. Kwenye matumbawe ya Shangani hata umbali huo hautoshi. Tembe zilizopitwa na wakati hazitakiwi chooni. Uteketezaji wake husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2024 kwamba watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama za hatua ya ziada ya kusafisha majitaka ya miji. Kanuni hiyo inadai kuwepo kwa mtambo wa kuongezewa hatua na mtengenezaji wa kupelekewa ankara. Mtwara kinachosafishwa ni shimo la uani, na tembe nyingi za dukani zimetoka India.