Kiitikio cha Mwombaji: Crystal Waters na Utunzi katika Muziki wa Hausi

Mwaka 1991 kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani, In Living Color, kilimwigiza mwimbaji mpya ambaye wimbo wake ulikuwa ukisikika kila klabu. Mchekeshaji Kim Wayans alijipamba kama Crystal Waters, akabana sauti puani, akageuza maneno ya "Gypsy Woman (She's Homeless)" ili mwimbaji mwenyewe akiri kwamba nyimbo zake ni upuuzi mtupu. Kichekesho kilikuwa kizuri, na anayekitazama leo bado atacheka. Lakini ndani yake kulikuwa na hukumu ya kihakiki iliyoaminiwa na wengi wasiokuwa wachekeshaji: kwamba muziki wa hausi una mdundo tu, hauna utunzi, na kwamba kiitikio cha silabi zisizo na maana ni dalili ya mtunzi aliyeishiwa. Ninadai kinyume chake. Katika wimbo huu kiitikio kile ndicho kilele cha utunzi, na aliyekikejeli hakujiuliza ni nani anayekiimba.

Waters alizaliwa mwaka 1961 katika ukoo wa wanamuziki. Baba yake, Junior Waters, alikuwa mwanamuziki wa jazi, na nyanya yake mdogo alikuwa Ethel Waters, aliyeimba "Stormy Weather" katika Cotton Club ya New York mwaka 1933. Wasifu mwingi huishia kwenye nasaba hiyo, kana kwamba damu inatosha kueleza kila kitu. Ninaona uzito zaidi katika mambo mawili yasiyo na mvuto wa kimuziki. Waters alisomea biashara na kompyuta katika Chuo Kikuu cha Howard, kisha akaajiriwa na jiji la Washington katika masuala ya parole. Tangu utotoni alikuwa akiandika mashairi. Alipokutana na Basement Boys, kundi la maprodyuza wa Baltimore, walimchukua kwanza kama mtunzi wa kuwaandikia wengine. "Gypsy Woman" yenyewe, aliyoitunga pamoja na mpiga kinanda Neal Conway, ilikusudiwa kuimbwa na Ultra Naté. Kwa hiyo tunazungumza juu ya mwandishi aliyejikuta akiimba, na kosa la wakosoaji wengi ni kumsoma kwa mpangilio uliopinduliwa.

Kisa cha wimbo kinatoka barabarani. Waters amesimulia mara nyingi kuhusu mwanamke aliyekuwa akisimama karibu na hoteli ya Mayflower katikati ya Washington, amevaa nguo nyeusi nadhifu, uso umepambwa barabara, akiimba nyimbo za injili ili apewe pesa. Baadaye Waters alipata habari zake: alikuwa amepoteza kazi ya dukani, na aliona kwamba anayeomba watu pesa hana budi kuwa nadhifu mbele yao. Washington ya miaka ile haikuwa mahali pa kupita mbele ya mtu kama huyo bila kufikiri. Mwaka 1984 Rais Reagan alisema kwenye televisheni kwamba baadhi ya wanaolala nje wamechagua wenyewe kuishi hivyo. Mwaka huohuo mwanaharakati Mitch Snyder alifunga kula kwa siku 51, hadi serikali ikakubali jengo lake moja mjini humo ligeuzwe makazi yao. Snyder alijiua Julai 1990. Miezi michache baadaye wimbo ukatoka, na ingawa haumtaji yeyote kati yao, unajibu kauli ya Reagan kwa njia ambayo hotuba isingeweza.

Hebu tutazame ubeti wa kwanza. Nafsineni anamweleza mwanamke anayeamka mapema kila siku atengeneze nywele zake, asiyetoka bila vipodozi. Hakuna neno lolote juu ya umaskini. Msikilizaji anayejua mazingira ya klabu amekwisha kumtambua mtu huyu, kwa maana yeye mwenyewe ametumia saa nzima mbele ya kioo kabla ya kuja kucheza. Baada ya kufanana huko kukamilika ndipo tunaambiwa kwamba hana makazi, na kwamba amesimama pale akiimba apewe pesa. Mpangilio huu wa habari ni wa makusudi. Angeanza na ukosefu wa makazi, tungepata mtu wa kuhurumiwa. Alipoanza na nywele, tukapata mtu wa kulingana naye.

Mara kinafuata kiitikio: silabi chache, hazina maana, zinarudiwa bila kuchoka juu ya ogani ya sauti kavu yenye huzuni kidogo. Tumetoka kuambiwa kwamba mwanamke anaimba, na sasa tunasikia wimbo. Sioni namna ya kukisoma kiitikio hiki isipokuwa kama sauti yake yeye, mwombaji, imekaririwa na nafsineni. Hatuambiwi maneno yake kwa sababu mpita njia hasikii maneno: husikia mlio, huondoka nao kichwani, na ubeti wa pili unathibitisha hivyo pale mwanamke yule anapomfuata nafsineni hadi usingizini. Kisha ukumbi mzima unaitikia. Watu mia kadhaa waliolipa kiingilio wanaimba wimbo wa mtu anayeomba senti, na wengi hawajui wanachokifanya. Waters amewahi kueleza kwamba mlio ule ulimjia kabla hajapata kisa. Hilo halinisumbui. Mtunzi aliyekuwa na mlio tupu mkononi, akautafutia mdomo unaostahili kuutoa, amefanya kazi ya utunzi ileile anayoifanya mwandishi wa tamthilia.

Linganisha na wimbo wenye jina hilohilo ulioimbwa na The Impressions mwaka 1961, tungo la Curtis Mayfield. Kwa Mayfield, mwanamke anacheza kando ya moto na mwanamume anamtazama akimtamani; ni wimbo mtamu sana, na mwanamke hana asubuhi wala riziki ya kutafuta. Waters analichukua jina lilelile la soul na kumpa mhusika siku nzima ya kuishi.

Kuna pingamizi zito zaidi ya kejeli ya Wayans, nalo ni la kimaadili: je, ni halali kuchezea dhiki ya mtu? Wimbo uliposhika nafasi ya pili Uingereza na ya nane katika chati kuu ya Marekani, wasikilizaji wengi hawakuwa na habari na mhusika wake, na inasemekana maneno ya kwenye mabano yaliongezwa katika jina kwa sababu hiyohiyo. Nakubali kwamba mdundo unaweza kuumeza ujumbe. Lakini anayedai kwamba huzuni lazima iimbwe polepole hana budi kuieleza "Living for the City" ya Stevie Wonder, na kwa kweli sehemu kubwa ya soul. Tena Waters haimbi kama akina Loleatta Holloway, kwa ukelele wa kanisani unaomwambia msikilizaji ahisi nini. Sauti yake ni kavu, karibu na ya mtoa taarifa. Huenda ofisi ya parole ilimfunza kitu juu ya kusimulia maisha ya watu bila kupamba.

Utunzi huu ulimkinga pia kibiashara. Miaka ileile mwimbaji Martha Wash aliimba katika nyimbo za Black Box na C+C Music Factory, na katika video wakawekwa wanawake wengine wakichezesha midomo. Ilimlazimu kwenda mahakamani kudai haki yake. Maprodyuza walizoea kuiona sauti ya mwanamke mweusi kama kipuri. Waters hakung'oleka kirahisi hivyo, kwani jina lake lilikuwa kwenye tungo lenyewe. Albamu yake ya mwaka 1994 aliiita Storyteller, na wimbo wake "100% Pure Love" ulikaa wiki 45 katika chati kuu ya Marekani. Si kisa kizito kama cha kwanza, ingawa umepangwa kwa ustadi uleule wa kurudia.

Ushahidi unaonipa taabu ulikuja baadaye. Mwaka 2006 rapa T.I. alichukua ogani ile akaiweka chini ya "Why You Wanna", wimbo wa mwanamume anayembembeleza mwanamke, nao ukapendwa sana. Mwaka uliofuata sauti ya Waters ilivuma upya katika "Destination Calabria" ya Alex Gaudino, juu ya saksofoni iliyotoka kwenye santuri ya mtu mwingine, huku kamera ikiwafuata wasichana waliovaa sare za kijani za bendi. Basi ogani inaweza kuishi bila mwombaji, na sauti bila kisa. Anayetaka kushikilia kwamba hausi ni mdundo tu anaweza kuanzia hapo. Ila itambidi aeleze kwa nini, katika vipande vyote viwili, kilichoachwa nje ni kilekile: yule mwanamke aliyesimama karibu na Mayflower.