Zana Inayokaa Mkononi

Bwaise, mtaa wa Kampala nchini Uganda, iko bondeni. Upande wa kusini umesimama mlima wa Makerere na chuo kikuu chake, barabara ya Bombo inapita ubavuni, na maji ya mvua ya vilima vya jirani hushuka kwa mfereji wa Nsooba kwenda kinamasi cha Lubigi, mara nyingi yakiingia kwanza katika nyumba za watu, maduka na madarasa. Hadi mwaka 1968, mipaka ya jiji ilipopanuliwa, eneo lote la Kawempe pamoja na Bwaise lilikuwa nje ya Kampala. Watu walijenga kwa kupatana na wenye ardhi ya mailo, ile iliyogawiwa kwa mkataba wa 1900, bila ramani ya mji wala mifereji ya maana, na shule nazo zikachipuka hivyo hivyo, nyingi zikiwa za binafsi na za ada ndogo. Mwanachuo wa ualimu anayekuja hapa kwa mazoezi ya kufundisha hukuta darasa lililojaa, umeme wa Yaka, wa kulipia kabla, unaokatika salio likiisha, na ukuta wenye alama ya maji ya mafuriko yaliyopita. Chuoni ameambiwa kwamba mwalimu wa leo hana budi kutumia teknolojia. Kabla ya kumuuliza ameitumia vipi, inafaa tuulize historia: ni teknolojia zipi zilizowahi kushika mizizi katika madarasa ya Kampala, na kwa nini hizo? Ninavyosoma ushahidi, zilishika zile ambazo mwalimu aliweza kuzimiliki, kuzitengeneza na kuzibeba. Zilizobaki mali ya ofisi zilizeeka zikiwa safi.

Maandishi yenyewe yaliingia Buganda, ufalme ambamo Kampala imo, kama teknolojia ya kigeni. Wafanyabiashara wa pwani, akiwamo Ahmed bin Ibrahim, walifika kwa Kabaka, yaani mfalme, Suna katika miaka ya 1840, na chini ya mrithi wake Mutesa hati za Kiarabu na lugha ya Kiswahili zikasomwa barazani kwake. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877. Mwenzao aliyewafuata mwaka 1878, Alexander Mackay, alikuwa fundi kabla ya kuwa mhubiri, na alichonga herufi za mbao ili apate kuchapa kurasa za kusomea. Kurasa hizo zilipita mkono kwa mkono, aliyezijua akimfundisha asiyezijua, hata neno la Kiganda la msomaji likawa jina la Mkristo. Hakuna serikali iliyowapa watu hao semina. Biblia ya Kiganda, kazi ambayo George Pilkington ndiye aliyeibeba kwa sehemu kubwa, ilipokamilika mwaka 1896, toleo moja lilichapwa nene na jembamba kwa sababu maalumu: liingie katika bati la biskuti, ambalo ndani yake kitabu kilisalimika na mchwa. Naliona bati hilo kuwa somo kubwa kuliko mitambo yote iliyofuata. Waliokichapa kitabu walikubali kwamba nyumba ya msomaji, pamoja na wadudu wake, ndiyo inayoamua umbo la kitabu. Bwaise ya leo ina maji mahali pa mchwa, na bado ni nadra kuona chombo cha shule kilichoundwa kwa kuyafikiria maji hayo.

Ualimu ulipogeuka kuwa kazi ya serikali, zana ziliendelea kutoka mikononi mwa mwalimu, ingawa sasa alifundishwa kuzitengeneza. Shule ya serikali ya kufunza walimu iliyoanzishwa Nyakasura mwaka 1948 ilihamia mlima wa Kyambogo mwaka 1954, na kutoka vilima kama hivyo vizazi vya walimu vilitoka na ujuzi ambao watu waliosoma sana huudharau: kuandika ubaoni kwa mwandiko ulionyooka, kuchora ramani kwa chaki, kutengeneza chati kwa karatasi ya manila, na manila ikikosekana, kwa gunia lililofumuliwa na kunyooshwa. Vifuniko vya soda vilifundisha hesabu. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 1997, na wanafunzi wakapanda ndani ya mwaka mmoja kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5, ni gunia na chaki vilivyobeba mzigo, kwa sababu hakuna bajeti ambayo ingeweza kukimbia kwa kasi ile. Ujuzi huo ulihitaji mahali pa kujaribiwa, yaani shule ya mazoezi iliyo jirani na chuo, ambamo mwanachuo hukosea mbele ya mkufunzi wake na kurudia kesho. Kampala ilikuwa na mahali hapo katikati ya jiji, Shimoni. Mwaka 2006 chuo na shule yake viliondolewa kupisha mradi wa hoteli, na chuo kikahamia Kitikifumba nje ya jiji. Majengo hujengwa tena. Ukaribu wa chuo na watoto wa mjini haurudi kwa saruji.

Kompyuta ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Makerere ilianzisha taasisi ya sayansi ya kompyuta mwaka 1985, juu kidogo ya mapaa ya Bwaise. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa World Links, ulioanzia Benki ya Dunia, ulipeleka intaneti katika shule chache za sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Connect-ED, kwa fedha za Marekani, uliweka kompyuta katika baadhi ya vyuo vya ualimu wa msingi, na baadaye mfuko wa Tume ya Mawasiliano ukajenga maabara za kompyuta katika shule za sekondari za serikali. Nia ilikuwa njema na baadhi ya kazi ilikuwa nzuri. Lakini chombo kiliingia kikiwa mali ya mradi, kikapewa chumba chenye vyuma madirishani na ufunguo mmoja. Si haki kumcheka mwalimu mkuu aliyeushika ufunguo huo, kwani yeye ndiye angejibu kama kompyuta ingeibwa. Ila matokeo kwa mwanachuo yalikuwa haya: alijifunza kompyuta kama somo, kwa saa chache za ratiba, hakujifunza kufundishia nayo hesabu au sayansi, kisha akapangiwa shule ambayo haikuwa na kompyuta yoyote. Maarifa yasiyo na chombo hufifia haraka kuliko chati ya gunia.

Mtu anaweza kusema kwamba kasoro ni umaskini tu: mahali pasipo umeme wa uhakika na penye mafuriko, teknolojia haiwezi kustawi. Bwaise yenyewe inakataa hoja hiyo. Katika mitaa hii, kama katika mitaa mingi ya Kampala, vibanda vya video vimefanya kazi kwa miaka mingi: ukumbi wa mbao na mabati, runinga, spika, na VJ anayefasiri filamu ya Hong Kong au ya Marekani kwa Kiganda huku ikiendelea. VJ hatafsiri neno kwa neno. Huwatambulisha wahusika, hufafanua desturi ambayo watazamaji hawaijui, huipa hadithi mitaa ya Kampala, na sauti yake hushika usikivu wa watu waliochoka na kazi. Kazi hiyo, nikiitazama kwa jicho la chuo cha ualimu, ni ufundishaji: kuna zana, kuna lugha ya msikilizaji, na kuna mtu wa kati anayeijua zana vizuri kiasi cha kuisahau. Pembeni kuna vijana wanaojaza nyimbo na filamu katika kadi za simu kwa malipo madogo, na mafundi wanaofufua simu zilizokufa maji. Vibanda hivi vilisimama bila mradi wala semina. Chombo kilikuwa cha mwenyewe, kikiharibika hasara ni yake, kwa hiyo alikijua hadi nyaya za ndani.

Kisha likaja jaribio ambalo hakuna aliyeliomba. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, kipindi kirefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Serikali ilitoa masomo kwa redio na runinga, na maandishi ya kujisomea yakachapwa, mengine magazetini. Redio ilifika mbali, lakini haikumsikia mtoto. Kwa upande wa walimu, waliotuma kazi kwa WhatsApp au kurekodi maelezo kwa sauti walijifunza wenyewe, usiku, kwa simu zao. Vyuo havikuwa vimewaandaa. Ni kweli kwamba watoto wengi wa Bwaise hawakupata hata hicho, kwa kuwa simu ya nyumbani ilikuwa moja, na mara nyingi ile ya kubonyeza. Ushahidi huu unakata pande mbili, na sidai kwamba simu ingeokoa miezi ile. Ninadai jambo dogo zaidi: palipokuwa na kitu chochote kati ya mwalimu na mwanafunzi, kwa kawaida kilipita kwenye chombo ambacho mwalimu alikwisha kuwa nacho mfukoni.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Kwa nini mtoto wa Bwaise aridhike na simu ya mwalimu wake wakati mwenzake wa Kololo, kwa matajiri, ana maabara? Na kwa nini mwalimu anunue zana kwa mshahara wake? Mwaka 2022, serikali ilipopandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4, mwalimu wa msingi alikuwa akipata chini ya 500,000, na juu ya kila kifurushi cha data kuna kodi ya asilimia 12 tangu 2021. Pingamizi hili ni la kweli na sina jibu la kulifuta. Lakini linamhusu anayelipa, halihusu chombo. Fedha zinazonunua maabara ya kufungiwa zinaweza kumpa kila mwanachuo simu au kishikwambi chake tangu mwaka wa kwanza, akitumie katika kila somo, akivunje na akitengeneze, aondoke nacho. Wengine husema simu huharibu nidhamu, na wizara inakataza wanafunzi kuwa nazo shuleni. Katazo hilo linamgusa mwanafunzi. Andalio la somo lililo katika simu ya mwalimu halivunji sheria yoyote.

Nafasi ya kujaribu ipo sasa. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada, hivyo mafunzo yanaandikwa upya. Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, ilhali walimu wanaokimudu ni wachache. Mwanachuo ambaye ulimi wake bado haujakizoea anahitaji sauti za wazungumzaji wazuri: hadithi fupi, mazungumzo ya sokoni, hesabu ya moja hadi mia. Zikirekodiwa vizuri zinaenea katika kadi ndogo kuliko ukucha, hazihitaji intaneti darasani, na spika ya betri inazipaza hadi dawati la mwisho. Atazisimamisha katikati, atazieleza kwa Kiganda, atazirudisha nyuma, kama VJ. Kadi hiyo inaweza kujazwa Bwaise kwenyewe, katika kibanda kile kile cha nyimbo na filamu, na maji yakija inatoka na mwalimu mfukoni.