Ubatizo wa London na Dhana Mbili za John Arbuthnot

Vitabu vingi vya takwimu humfundisha mwanafunzi namna ya kuikataa dhana kabla ya kumfundisha namna ya kuichagua. Historia ya elimu hiyo yenyewe ilianza na kosa lililofanana na hilo, na mwenye kulitenda alikuwa mtu wa akili nyingi.

John Arbuthnot alikuwa Mskoti, mjuzi wa hesabu na tabibu wa Malkia Anne wa Uingereza. Katika makala ya mwaka 1710, iliyochapishwa katika jarida la Chama cha Kifalme cha London, alikusanya hesabu za watoto waliobatizwa mjini humo tangu mwaka 1629 hadi 1710. Mwaka 1629 walibatizwa wavulana 5.218 na wasichana 4.683, mwaka 1710, wavulana 7.640 na wasichana 7.288. Katika miaka yote 82 hapakuwa na hata mmoja ambao wasichana waliwazidi wavulana. John Graunt, mfanyabiashara wa London, alikuwa ameona wingi huo wa wavulana tangu mwaka 1662, lakini aliuhesabu tu, hakuupima.

Arbuthnot aliupima. Alisema hivi: tuseme kuzaliwa kwa mvulana au msichana ni jambo la bahati tupu, kama kurusha sarafu yenye pande mbili. Basi kwa mwaka wowote, uwezekano wa wavulana kuwa wengi zaidi hauzidi nusu. Ili jambo hilo litokee miaka 82 mfululizo, yapasa kuzidisha nusu kwa nusu mpaka zitimie nusu 82, na matokeo yake ni sehemu moja ya namba yenye tarakimu 25. Jambo dogo kiasi hicho haliaminiki. Kwa hiyo dhana ya bahati ikatupwa, na hapo hoja yake ni madhubuti hata leo.

Shida iko katika hatua iliyofuata. Baada ya kuitupa bahati, Arbuthnot aliweka mahali pake Maongozi ya Mungu. Wanaume, alisema, hukabiliwa na hatari nyingi wanapotafuta riziki, na Muumba hufidia hasara hiyo mapema ili kila mwanamke apate mume wake. Hakuishia hapo, akatangaza kwamba kuoa wake wengi ni kinyume cha sheria ya maumbile na haki. Hukumu ya ndoa za watu wote ikatolewa katika madaftari ya ubatizo ya mji mmoja! Tena madaftari hayo yalihesabu waliobatizwa, si waliozaliwa.

Aliyeuona ufa huo ni Nicolaus Bernoulli wa Basel. Katika barua zilizochapishwa mwaka 1713 katika kitabu cha Mfaransa Pierre Rémond de Montmort, alitoa mfano wa kete yenye nyuso 35: nyeupe 18 kwa wavulana, nyeusi 17 kwa wasichana. Ukiirusha kete hiyo mara 14.000, utazamie wavulana karibu 7.200 na wasichana 6.800. Kwa kete ya namna hiyo, mwaka wa wasichana wengi ungekuwa nadra, na miaka 82 ya wavulana isingekuwa ajabu hata kidogo. Maana yake ni kwamba Arbuthnot hakuikataa bahati. Alikataa bahati ya nusu kwa nusu tu, akadhani hakuna nyingine.

Lugha yetu inafaa kusikilizwa hapa. Neno «dhana», lenye asili ya Kiarabu, hubeba fikra na shaka kwa pamoja: anayedhani hajajua bado. Arbuthnot aliitilia shaka dhana ya kwanza kwa hesabu ya tarakimu 25. Ya pili hakuitilia shaka yoyote.

Ilichukua zaidi ya miaka 200 kwa jambo hili kuwekwa katika kanuni. R. A. Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935, alisisitiza kwamba dhana inayojaribiwa yaweza kukanushwa lakini haithibitishwi kamwe. Jerzy Neyman na Egon Pearson, mwaka 1933, walikuwa wamekwenda mbali zaidi: mpimaji ataje tangu mwanzo dhana mshindani, tena apime makosa mawili, yaani kukataa iliyo kweli na kukubali iliyo uongo. Makala yao ilitoka katika jarida lile lile lililochapisha ya Arbuthnot.

Kete ya Bernoulli ni sawa na wavulana 106 hivi kwa wasichana 100. Hesabu za sasa za nchi nyingi huonyesha karibu 105.