Maneno Mawili ya Cortés

Kila nisahihishapo insha za wanafunzi wangu, nalikuta neno "ajabu" likifanya kazi ya maneno kumi. Mlima ni wa ajabu, harusi ni ya ajabu, na hata wali uliopikwa vizuri ni wa ajabu. Sikukemei, msomaji, maana nami nilipokuwa mwanafunzi niliandika vivyo hivyo. Nataka tu kukusimulia habari za mtu aliyelazimika kuchagua maneno ya namna hiyo katika lugha ya Kihispania, na habari za mji aliokuwa akiueleza.

Mtu huyo ni Hernán Cortés. Tarehe 8 Novemba, 1519, yeye na askari wake waliingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mahali ulipo leo mji wa Meksiko. Mji huo ulikuwa kisiwani katikati ya ziwa. Barabara pana zilizojengwa juu ya maji ziliuunganisha na nchi kavu, nazo zilikuwa na madaraja ya mbao yaliyoweza kuondolewa adui alipokuja. Maji ya kunywa yaliletwa kwa mfereji kutoka Chapultepec. Cortés alisema kwamba mji ulikuwa na ukubwa wa Sevilla au Córdoba, na kwamba katika soko lake watu zaidi ya 60,000 walikutana kila siku kuuza na kununua: dhahabu, vito, kazi za manyoya ya ndege, mahindi, dawa za mitishamba, na vitu vingine vingi asivyovijua majina.

Sasa jiweke mahali pake. Utamwelezaje mfalme, aliye ng'ambo ya bahari, kitu ambacho lugha yako haijapata kukiona? Mahali pengine Cortés aliazima neno la zamani. Mahekalu ya Waazteki aliyaita "mezquitas", yaani misikiti; neno hilo Wahispania walilipata kwa Waarabu, kama sisi tulivyolipata letu. Bernal Díaz del Castillo, askari wake aliyeandika kumbukumbu zake uzeeni, alifuata njia nyingine. Aliufananisha mji ule na mambo ya uchawi yaliyosimuliwa katika kitabu cha Amadís, hadithi ya mashujaa iliyopendwa sana Hispania siku zile.

Lakini ilipohitajika sifa moja kwa moja, Kihispania hakikuwa maskini. Kilikuwa na "raro", kutoka neno la Kilatini la vitu vilivyotawanyika, kama miti michache katika uwanda mpana. Kwa hiyo likawa na maana ya adimu. Kilikuwa na "notable", kitu kinachostahili kutiwa alama. Kilikuwa na "maravilloso", ambalo asili yake ni kutazama kwa mshangao, na "extraño", ambalo asili yake ni kitu cha nje. Columbus, katika barua yake iliyochapwa mwaka 1493, alipoisifu Española, kisiwa cha Bahari ya Karibi, alishika neno "maravilla", la ukoo uleule wa mshangao. Alikuwa akiwaandikia watu waliogharimia safari yake, na hakuna mfanyabiashara anayeiita bidhaa yake ngeni tu.

Cortés alichukua mawili kwa pamoja. Katika barua yake kwa Mfalme Carlos ya tarehe 30 Oktoba, 1520, alisema kwamba mambo ya mji ule yalikuwa "extrañas" na "maravillosas", tena kwamba hata wao walioyaona kwa macho yao hawakuweza kuyafahamu kwa akili zao.

Uyapime maneno hayo, msomaji. La pili linausifu mji. La kwanza linauweka nje. Yamkini Cortés aliyahitaji yote mawili. Alikuwa amevunja amri ya Diego Velázquez, gavana wa Kuba, naye alitaka msamaha wa mfalme. Mji ukiwa wa kushangaza, kosa lake lingeonekana dogo. Tena wakati alipokuwa akiandika, hakuwa na mji huo mkononi. Usiku wa tarehe 30 Juni mwaka uleule Waazteki walikuwa wamemfukuza, na wengi wa watu wake waliuawa barabarani juu ya maji. Barua ile yenye sifa nyingi iliandikwa na mtu aliyekuwa akijitayarisha kurudi kwa vita.

Kiswahili chatusaidia hapa kuona jambo ambalo Cortés hakuliona, au hakutaka kulisema. Sisi husema "jambo geni", na mtu atokaye nje tunamwita "mgeni". "Extraño" nalo hubeba maana hizo mbili. Je, siku ile ya Novemba, mgeni alikuwa nani? Soko lilikuwa mahali pake, na wenyeji walikwenda kununua mahindi kama jana na juzi. Aliyekuwa wa nje ni yule mwenye kalamu. Mwenyeji mmoja wa Tenochtitlan, kama angeulizwa, angalitumia neno la namna hiyo kwa farasi na ndevu.

Mji ulianguka tarehe 13 Agosti, 1521, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya siku sabini. Mfereji wa maji ulikatwa, ndui na njaa viliua watu wasiohesabika, na nyumba zilibomolewa moja moja ili farasi wapate pa kupita. Barua ya Cortés ilichapwa Sevilla mwezi wa Novemba, 1522. Watu waliokaa wakasoma habari za soko na mahekalu, na neno "maravillosas", walikuwa wakisoma sifa za mji uliokwisha bomolewa zaidi ya mwaka mmoja.

Neno "extraño" halikukoma hapo. Kutokana nalo Wahispania wana kitendo "extrañar", kuona jambo kuwa geni. Katika Meksiko, na katika nchi nyingi za Amerika zisemazo Kihispania, kitendo hicho kina maana nyingine pia: kumkumbuka kwa uchungu mtu asiyekuwapo. Mama humwandikia hivyo mwanawe aliye safarini, akiwa amekaa katika mji uliojengwa juu ya mawe ya Tenochtitlan.